Kwa Nini 0.6 Iligeuka Kuwa Asilimia 6: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Darasani

Mwanafunzi anayezungumziwa hapa alikuwa na umri wa miaka 11, na kwa muda wote ambao darasa lake lilikuwa likifanya mazoezi ya desimali na asilimia alihesabiwa miongoni mwa wale wasiohitaji kusaidiwa. Alijumlisha na kutoa desimali bila shida, alilinganisha jozi za desimali zilizoandikwa ubaoni akapata, na walipofika kwenye asilimia aligeuza 0.45 kuwa asilimia 45 na 0.32 kuwa asilimia 32 haraka kuliko wenzake. Jaribio la mwisho wa mada lilipofanyika, akapata chini ya nusu ya alama. Mwalimu wa darasa, ambaye alikuwa na kila sababu ya kutarajia matokeo mazuri, aliandika juu ya karatasi kwamba kazi imefanywa kwa haraka na kwa uzembe, akamtaka mwanafunzi arudie maswali yote.

Karatasi hiyo inastahili kusomwa polepole. Mwanafunzi mzembe hukosea huku na huko bila mpangilio, lakini huyu alikosea kwa utaratibu usiobadilika tangu swali la kwanza hadi la mwisho. Alipoambiwa apange 0.45, 0.6, 0.375 na 0.4 kuanzia ndogo hadi kubwa, aliandika 0.4, kisha 0.6, kisha 0.45, na mwisho 0.375. Alipoulizwa ipi ni kubwa kati ya 3.25 na 3.7, alichagua 3.25. Katika kujumlisha, 0.32 na 0.45 zilimpa 0.77, ambalo ni jibu sahihi, ila 0.5 na 0.25 zilimpa 0.30. Katika kugeuza desimali kuwa asilimia, 0.45 ikawa asilimia 45, 0.08 ikawa asilimia 8, 0.6 ikawa asilimia 6, na 0.375 ikawa asilimia 375. Katika kurudi nyuma, asilimia 35 ikawa 0.35 na asilimia 7 ikawa 0.7.

Anayesahihisha kwa kuweka alama ya pata na kosa ataona hapa mchanganyiko: mengine amepata, mengine amekosa, katika mada nne tofauti. Anayetazama majibu yenyewe ataona kitu kimoja tu. Mtoto huyu aliondoa sifuri na nukta, akasoma kilichobaki kama namba nzima, akafanya kazi aliyoambiwa, kisha akarudisha sifuri na nukta mahali pake. Kwa kanuni hiyo 0.4, 0.6, 0.45 na 0.375 ni 4, 6, 45 na 375, na mpangilio wake hauna kasoro hata moja. Kwa kanuni hiyo hiyo 5 na 25 ni 30. Hata majibu aliyoyapata, kama lile la 0.08 kuwa asilimia 8, yalitoka kwenye chemchemi ile ile yalikotoka makosa, na ndiyo maana alama ya pata iliyowekwa pembeni mwa jibu hilo haikumwambia mwalimu lolote la kutegemewa.

Kuna jambo moja la kuamuliwa kabla ya kuendelea. Jibu la asilimia 6 kwa 0.6 lingeweza kutoka kwenye chanzo kingine kabisa. Darasa lilikuwa limefundishwa kwamba, ili kupata asilimia, nukta husogezwa nafasi mbili kwenda kulia. Mtoto anayefuata kanuni hiyo katika 0.6 husogeza nukta nafasi moja, huona tarakimu zimekwisha, husimama hapo na kuandika 6. Huyo tatizo lake ni kutojua afanye nini nafasi inapokuwa tupu, na dawa yake si sawa na dawa ya yule anayesoma desimali kama namba nzima. Swali linaloamua kati ya wawili hawa ni la 0.375. Anayesogeza nukta nafasi mbili atapata 37.5, hata kama hajui maana yake. Huyu alipata 375. Hakusogeza nukta; aliiondoa. Naliona jambo hili kuwa kiini cha usahihishaji mzuri katika mada hii: swali moja halitoshi kumtambua mtoto, na swali la pili lenye idadi nyingine ya tarakimu mara nyingi humaliza ubishi.

Mwalimu alipoonyeshwa utaratibu huo hakuridhika na maelezo ya karatasi peke yake, na alifanya vyema. Alimwita mwanafunzi mezani, akamwekea swali la kupanga, akamwomba aeleze alivyofanya.

"Nimeanza na ndogo, mwalimu. Nne, sita, arobaini na tano, mia tatu sabini na tano."

"Na hii sifuri na nukta umezifanyaje?"

"Hizo ziko kwenye zote, mwalimu."

Jibu hilo la mwisho lina mantiki zaidi kuliko linavyoonekana. Mtoto ameona kwamba kitu kinachofanana katika pande zote hakiwezi kuamua upi ni mkubwa, akakiweka kando. Wazo hilo ni sahihi kabisa, na ndilo tunalolitumia sote tunapolinganisha 3.25 na 3.7: tunaona 3 ziko pande zote, tunaziacha. Alipopotea ni katika hatua inayofuata, pale alipochukua tarakimu zilizobaki na kuzisoma kwa sheria ya namba nzima, ambayo kwayo namba yenye tarakimu nyingi daima ni kubwa kuliko yenye chache. Sheria hiyo imemtumikia tangu darasa la kwanza bila kumwangusha. Hakuna aliyemwambia kwamba kulia kwa nukta haitumiki tena.

Na mazoezi ya darasani hayakumwambia pia. Ukiyapitia unaona kwamba karibu kila jozi ya kulinganisha ilikuwa na idadi sawa ya tarakimu: 2.8 na 2.3, 5.62 na 5.36, 0.91 na 0.19. Kujumlisha kulikuwa vivyo hivyo. Kugeuza asilimia kulitumia desimali za tarakimu mbili karibu mwanzo hadi mwisho. Katika maswali ya namna hiyo kanuni ya kuondoa nukta hutoa jibu sahihi karibu kila mara, kwa hiyo mtoto aliyeitunga aliimarishwa ndani yake siku baada ya siku, kwa alama za pata na kwa sifa za mwalimu. Jaribio lilikuwa mahali pa kwanza ambapo urefu wa desimali ulitofautiana.

Dawa ya kwanza aliyoitumia mwalimu ndiyo inayotumiwa zaidi na walimu wengi: jaza sifuri upande wa kulia mpaka desimali zote ziwe na urefu sawa, kisha linganisha. 0.6 iwe 0.60, na 60 ni zaidi ya 45. Mwanafunzi alielewa papo hapo na maswali ya kulinganisha yakaanza kutoka sahihi. Ningesita sana kuiita hatua hiyo mafanikio, na sababu ilijitokeza mwalimu alipouliza maswali mawili ya ziada. La kwanza: kuna namba yoyote kati ya 0.4 na 0.5? Mwanafunzi alisema hakuna, kwa kuwa baada ya nne inakuja tano. La pili: 0.60 ni asilimia ngapi, na 0.6 ni asilimia ngapi? Alijibu 60 na 6, bila kuona tatizo lolote katika kuyatamka majibu hayo mfululizo. Kumbe kujaza sifuri kulikuwa kwake hila ya kulinganisha tu, jambo linalofanywa kwa sababu mwalimu amesema lifanywe. Hakukuwa kumemweleza kwamba 0.6 na 0.60 ni kiasi kimoja. Ukilitazama kwa makini, kujaza sifuri kunairudisha kanuni yake ya zamani kazini: baada ya sifuri kuongezwa, bado anasoma namba nzima. Mtoto hakubadili fikra, alibadilishiwa maswali.

Mwalimu akajaribu njia nyingine. Alichora jedwali la thamani ya nafasi ubaoni, akaonyesha kwamba baada ya nukta huja sehemu za kumi, kisha sehemu za mia, kisha sehemu za elfu, na akasisitiza mara kadhaa kwamba sehemu ya mia ni ndogo kuliko sehemu ya kumi, na sehemu ya elfu ni ndogo zaidi. Yote hayo ni kweli. Zoezi lililofuata lilileta matokeo ambayo mwalimu hakuyatarajia: mwanafunzi alisema 0.6 ni kubwa kuliko 0.45, ambalo ni sahihi, kisha akasema 0.3 ni kubwa kuliko 0.35, na 0.4 ni kubwa kuliko 0.83. Alipoulizwa alijibu kwamba 0.83 ina sehemu za mia, nazo ni ndogo. Alikuwa ameitupa kanuni ya kwanza na kuokota ya pili iliyo kinyume chake, kwamba desimali fupi ndiyo kubwa. Amesikia kwamba kipande ni kidogo, akasahau kuuliza vipande ni vingapi.

Mgeuko huu unajulikana kwa watafiti wa ufundishaji wa hesabu. Watafiti wa Ufaransa Catherine Sackur-Grisvard na François Léonard walichapisha mwaka 1985 uchunguzi ulioonyesha kwamba watoto wanaokosea katika kupanga desimali hufuata kanuni chache zinazotambulika, na nchini Australia Kaye Stacey na Vicki Steinle wa Chuo Kikuu cha Melbourne waliendeleza kazi hiyo kwa jaribio la kulinganisha desimali linalomweka mwanafunzi katika kundi kwa kufuata sura ya majibu yake, na si kwa jumla ya alama. Nasisitiza sehemu hiyo ya mwisho kwa sababu ndiyo yenye faida kwa mwalimu wa kawaida. Chukua jozi mbili tu, 0.6 na 0.45, kisha 0.3 na 0.35. Anayedhani ndefu ndiyo kubwa atakosa ya kwanza na kupata ya pili. Anayedhani fupi ndiyo kubwa atapata ya kwanza na kukosa ya pili. Wote wawili wana alama 1 kati ya 2, na kwenye daftari la maendeleo wanafanana kabisa, ilhali kila mmoja anahitaji kusaidiwa kwa upande ulio kinyume na mwenzake. Mwalimu akimpa huyu wa pili maelezo zaidi kuhusu udogo wa sehemu za mia, anamzamisha.

Kanuni ya fupi ndiyo kubwa ina mzazi mwingine pia, nao ni sehemu za kawaida zenye kiasi na asili. Mtoto aliyejifunza kwamba 1/45 ni ndogo kuliko 1/6 anaweza kuiona 0.45 kana kwamba ni 1/45 na 0.6 kana kwamba ni 1/6. Katika kisa hiki mwalimu aliliangalia hilo kwa kumwomba mwanafunzi alinganishe 0.83 na 0.91, desimali mbili zenye urefu sawa. Anayefikiria 1/83 na 1/91 angechagua 0.83. Mwanafunzi alichagua 0.91, kwa hiyo mkanganyiko wake ulitokana na jedwali la thamani ya nafasi, wala sehemu za kawaida hazikuhusika.

Kabla ya kueleza kilichosaidia, inafaa kusema neno kuhusu nukta yenyewe, maana watoto wengi huiona kama ukuta unaotenganisha namba mbili zinazoishi jirani: namba moja kushoto, namba nyingine kulia, kila moja ikisomwa kivyake. Historia ya maandishi haya inaonyesha jinsi wazo lililomo ndani yake lilivyohitaji msaada wa alama ili lionekane. Al-Uqlidisi, mwanahisabati aliyeandika Dameski katika karne ya 10, alipotumia sehemu za desimali aliweka alama juu ya tarakimu ya mamoja, yaani alionyesha mahali pa moja, na kila kitu kingine kikapata cheo chake kwa kupimwa kutoka hapo. Simon Stevin, mwanahisabati wa Ulaya aliyechapisha kijitabu chake kuhusu desimali mwaka 1585, aliandikia kila tarakimu cheo chake ndani ya kiduara, hivi kwamba msomaji hakuweza kuchanganya sehemu za kumi na sehemu za mia. Maandishi yetu ya leo ni mafupi na yanafaa, lakini yameficha vyeo vyote hivyo nyuma ya kitone kimoja. Tunachomdai mtoto ni kwamba akitazama 0.45 avione vyeo ambavyo havikuandikwa.

Kilichomsaidia mwanafunzi huyu ni mraba mmoja wenye safu kumi, kila safu ikiwa na vyumba kumi. Mwalimu alikubaliana naye jambo moja tangu mwanzo na hakulibadilisha hata mara moja: mraba wote ni 1. Safu moja ni 0.1. Chumba kimoja ni 0.01. Uthabiti huo una maana kubwa kuliko unavyoonekana, kwa kuwa vifaa vya kuhesabia ambavyo watoto wamevizoea katika madarasa ya chini humfanya mtoto aamini kwamba kile kidogo kabisa ndicho moja, na ukivileta kwenye desimali bila tahadhari utamkuta anahesabu vyumba kama namba nzima, kwa kanuni ile ile uliyokuwa ukiipiga vita.

Mwalimu alimwomba apake rangi 0.6. Mwanafunzi alipaka chumba kimoja, cha pili, cha tatu, na alipofika cha sita penseli ilisimama. Alitazama mraba mzima, uliokuwa karibu mtupu. Mwalimu alinyamaza. Baada ya muda mtoto akauliza, "Mwalimu, chumba kimoja tulisema ni ngapi?" Akajibiwa kwamba ni 0.01. Akahesabu tena alivyopaka, akasema, "Basi hii ni sifuri nukta sifuri sita," akageuza karatasi, akaanza upya kwenye mraba wa pili, safari hii akipaka safu nzima nzima mpaka zikawa sita. Kisha mwalimu akamwomba apake 0.45 kwenye mraba wa tatu. Alipaka safu nne na vyumba vitano vya safu ya tano, akaweka karatasi mbili pamoja, na hakuhitaji kuulizwa ipi ni kubwa.

Kutoka hapo asilimia ilifuata bila kanuni mpya. Aliulizwa katika mraba wa 0.6 vyumba vilivyopakwa ni vingapi kati ya mia. Ni 60. Basi ni asilimia ngapi? Alisema 60, akanyamaza kidogo, kisha akasema mwenyewe kwamba 0.6 na 0.60 zina picha moja. Hili ndilo alilokuwa amelikosa wakati wa kujaza sifuri, na safari hii hakuambiwa na mtu. Ya 0.375 ilimchukua muda zaidi: safu tatu, vyumba saba, kisha akakwama kwenye tano ya mwisho. Mwalimu alimwuliza sehemu ya elfu ingepatikanaje ndani ya mraba. Walikubaliana kwamba chumba kimoja kikikatwa vipande kumi, kila kipande kitakuwa sehemu moja ya elfu, hivyo vipande vitano ni nusu ya chumba. Alipaka nusu hiyo kwa uangalifu mkubwa, akahesabu, akapata vyumba 37 na nusu. Asilimia 37.5, ambayo kabla ya hapo ilikuwa 375, ilitoka kwenye mkono wake ikiwa na maana.

Mraba peke yake haukumaliza kosa la pili, lile la 0.3 na 0.35, kwa namna ya kudumu. Hapo mstari wa namba ulifanya kazi bora zaidi. Mwalimu alichora mstari kutoka 0 hadi 1, wakaugawa mara kumi, kisha wakachukua kipande kilichopo kati ya 0.3 na 0.4 na kukigawa mara kumi tena. Ili kufika 0.35 ni lazima upite 0.3 kwanza, kisha uendelee hatua tano ndogo. Tarakimu inayoongezwa kulia, ikiwa si sifuri, inasogeza mbele kidogo na kamwe hairudishi nyuma, wala haiwezi kuvuka alama ya 0.4. Swali la awali, kama kuna namba kati ya 0.4 na 0.5, lilirudishwa hapo, na mwanafunzi alitaja 0.41, 0.42 na kuendelea hadi 0.49. Alipoulizwa kati ya 0.41 na 0.42 alicheka, akachukua rula.

Jambo moja dogo la kusema kwa sauti liliandamana na kazi hiyo. Darasani 0.45 ilikuwa imezoeleka kusomwa "sifuri nukta arobaini na tano", na mwalimu mwenyewe aliisoma hivyo. Usomaji huo unaiweka namba nzima 45 kinywani mwa mtoto kila anapoitamka. Walikubaliana kusoma "sifuri nukta nne tano", na mara kwa mara kusoma kwa kirefu: sehemu nne za kumi na sehemu tano za mia. Sidhani kama usomaji mzuri unaweza kumfundisha mtoto desimali, kwani anaweza kutamka "nne tano" huku akifikiria arobaini na tano. Hata hivyo usomaji mbaya unaweza kubomoa polepole kile kilichojengwa kwa mraba na mstari, kwa hiyo mabadiliko hayo yalistahili usumbufu wake.

Baada ya hapo mwalimu alitunga upya mazoezi ya darasa zima, na katika hili kisa cha mtoto mmoja kilifaidisha wengi. Aliacha kutumia jozi zenye urefu sawa. Aliweka 0.6 na 0.45, 0.3 na 0.35, 0.08 na 0.6, 0.375 na 0.52, na pia 0.4 na 0.40, ambayo jibu lake ni kwamba zote ni sawa na ambayo huwashtua watoto wasiozoea kuulizwa swali lisilo na mshindi. Katika kugeuza asilimia alichanganya tarakimu moja, mbili na tatu tangu siku ya kwanza. Kanuni ya kusogeza nukta aliiacha ije mwishoni, baada ya watoto kuiona wenyewe katika majibu yao.

Mpangilio wa mada nao unahitaji kufikiriwa. Shule nyingi huanza na sehemu za kawaida, zikafuata desimali, na asilimia huja mwisho kana kwamba ndiyo ngumu kuliko zote. Watafiti wa elimu Joan Moss na Robbie Case walichapisha mwaka 1999 uchunguzi uliogeuza mpangilio huo: watoto wa darasa la nne walianza na asilimia, kwa kukadiria chombo kimejaa kwa kiwango gani, wakaendelea na desimali za tarakimu mbili, na sehemu za kawaida zikaja baadaye, nao walionyesha uelewa wa kina kuliko wenzao waliofundishwa kwa mpangilio wa kawaida. Naona mvuto wa njia hiyo, kwa kuwa mtoto ana hisia ya nusu iliyo asilimia 50 na robo iliyo asilimia 25 kabla ya kujua mbinu yoyote ya kukokotoa. Tahadhari inayotokana na kisa chetu ni kwamba daraja kati ya asilimia na desimali lisijengwe kwa tarakimu mbili peke yake kwa muda mrefu, maana hapo ndipo 0.6 inapopata nafasi ya kugeuka kuwa asilimia 6.

Kwa upande wa asilimia, kazi ilikuwa haijaisha. Mwanafunzi sasa alijua asilimia kuwa idadi ya vyumba kati ya mia, na ufahamu huo ulimtosha mpaka alipoulizwa yupi amefanya vizuri zaidi kati ya aliyepata alama 18 kati ya 20 na aliyepata 40 kati ya 50. Alichagua wa pili, kwa kuwa 40 ni zaidi ya 18. Hapa tatizo si la desimali tena. Asilimia huwa ya kitu fulani, na mtoto anayeitazama bila kuuliza ni ya nini huilinganisha kama namba iliyo huru. Mwalimu alichora mistari miwili sambamba, wa juu ukienda kutoka asilimia 0 hadi 100, wa chini kutoka 0 hadi 20. Alama 20 ziko chini ya asilimia 100, alama 2 ziko chini ya asilimia 10, kwa hiyo 18 ziko chini ya asilimia 90. Mstari wa chini ulipobadilishwa uende hadi 50, alama 5 zikakaa chini ya asilimia 10, na 40 chini ya asilimia 80. Mstari wa juu ulibaki vile vile. Mistari hiyo ilimfaa kuliko mraba, kwa sababu inaonyesha vitu viwili kwa pamoja, kiasi na asilimia yake, na inaweza kurefushwa kupita 100 pale ambapo mraba ungehitaji mwenzake.

Kwa mistari hiyo alipata asilimia 20 ya 60 bila kuzidisha kwa karatasi: asilimia 10 ni 6, basi asilimia 20 ni 12. Asilimia 25 aliipata kwa kugawa 60 mara mbili, kisha tena mara mbili, akafika 15.

Swali lililobaki wazi mwisho wa kazi hii ni la ongezeko na pungufu. Mwanafunzi aliongeza 50 kwa asilimia 20, akapata 60, ambalo ni jibu sahihi. Alipoambiwa apunguze 60 kwa asilimia 20, aliandika 50 moja kwa moja, akiamini kwamba kilichoongezwa kimeondolewa. Mistari ilimwonyesha kwamba asilimia 100 ilikaa juu ya 50 katika hatua ya kwanza, na juu ya 60 katika hatua ya pili, kwa hiyo pungufu ni 12 na jibu ni 48. Alilikubali hilo. Lakini alipopewa swali la kurudi nyuma, kwamba kiasi fulani kimeongezwa kwa asilimia 20 kikawa 60, na atafute kilikuwa kiasi gani, alitoa 12 akajibu 48. Mwalimu amepanga kuanzia hapo atakapokutana naye tena: mstari wa juu urefushwe hadi 120, 60 iwekwe chini ya 120 badala ya chini ya 100, na mtoto atafute mwenyewe kilichopo chini ya asilimia 20, ambacho ni 10, kisha kilichopo chini ya asilimia 100.